Miaka 38 kumngoja Franco, dakika chache kumwona

Msomaji mpenzi, umewahi kumpenda mtu ambaye hujawahi kumwona akitembea? Simaanishi mchumba wa barua, ingawa wengi wetu tuliosoma shule za bweni tulikuwa nao. Nasema mtu ambaye sauti yake imeishi nyumbani kwenu miaka nenda miaka rudi, ikala chakula cha jioni pamoja nanyi, ikawaamsha Jumapili asubuhi, na bado hujui anasimamaje, anashikaje gita, wala anafuta jasho kwa mkono gani. Kwetu Langas, mjini Eldoret, mtu huyo alikuwa Franco Luambo Makiadi wa bendi ya OK Jazz.

Baba alihamia Eldoret kutoka Kisii mwaka wa 1977 na kupata kazi katika kiwanda cha nguo cha Rivatex. Mshahara wa kwanza alinunua blanketi. Mshahara wa pili alinunua gramafoni ndogo ya betri. Mama anapoisimulia habari hiyo mpaka leo hakosi kuongeza kwamba blanketi lenyewe lilikuwa la mtu mmoja, na baridi ya Eldoret unaijua. Kuanzia hapo, kila mwisho wa mwezi baba alipita kwa muuza santuri mjini kabla hajapita kwa muuza unga. Sahani za OK Jazz zikaongezeka moja moja ndani ya sanduku la mbao alilolitengeneza kwa mikono yake, na sanduku hilo likakaa chini ya kitanda kama vile wengine wanavyoficha hati ya shamba.

Mimi nilipopata umri wa kutumwa, nilipewa kazi. Kazi yangu ilikuwa kugeuza sahani. Wewe kijana uliyezaliwa wakati wa simu za kubofya huenda usielewe, kwa hiyo ngoja nikueleze. Nyimbo za Wakongo zilikuwa ndefu mno kwa zile sahani ndogo, basi wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza waimbaji wanaimba pole pole, wanasimulia, wanalalamika, wanabembeleza. Unapofika mahali moyo umeanza kuchemka, sahani inakwisha. Ni lazima mtu ainuke, aigeuze, aweke sindano, ndipo upande wa pili uanze, na huko ndiko iliko sebene yenyewe, pale magita yanaposhikana mikono na mtu mzima anasahau deni la kodi ya nyumba. Baba hakuwa na haja ya kuniita kwa jina. Aliinua kidole kimoja tu na kusema, "Geuza." Nami hugeuza. Nimegeuza OK Jazz kuliko nilivyogeuza kurasa za vitabu vya hesabu, na matokeo ya mtihani wangu wa darasa la nane yalilishuhudia jambo hilo.

Kilingala baba hakukijua hata neno. Hilo halikumzuia kututafsiria. Wimbo ule maarufu wa mwaka wa 1985 uitwao Mario, alituambia kwamba unamsema kijana mtundu asiyependa shule, na kila nilipoleta alama mbaya nyumbani Mario alipigwa mara mbili mfululizo huku mimi nimeketishwa kwenye kigoda. Miaka mingi baadaye jirani yetu mmoja, dereva wa malori aliyekuwa akivuka Malaba kupeleka mizigo mpaka Zaire, alitupasulia ukweli. Mario amesoma vizuri sana, tena ana vyeti vyake. Kosa lake ni kwamba anaishi kwa mama mtu mzima mwenye fedha, anakula cha bure. Baba alisikiliza, akakohoa, akasema kwamba hata hivyo funzo ni lile lile.

Nimekwambia haya yote ili ujue uzito wa kitu nitakachokusimulia. Mwaka wa 1974 baba alikuwa kijana wa miaka 24. Redioni aliskia kwamba Muhammad Ali na George Foreman watapigana Kinshasa, kila mmoja alipwe dola milioni 5, na kwamba kabla ya ngumi hizo kutakuwa na tamasha kubwa la muziki la siku tatu, Wamarekani weusi na Waafrika kwenye jukwaa moja. James Brown angekuwepo. B.B. King angekuwepo. Miriam Makeba angekuwepo. Na wenyeji wao wangekuwa Franco na Tabu Ley. Baba anasema usiku ule alihesabu fedha zake zote, akaona kwamba zingemfikisha Kampala. Basi akabaki. Lakini alisikia pia kwamba tamasha lote lilipigwa picha za sinema, na tangu siku hiyo akawa na hakika kwamba iko siku atamwona Franco.

Akangoja. Tarehe 12 Oktoba 1989 Franco akafariki dunia nchini Ubelgiji akiwa na miaka 51. Habari ilipofika redioni baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Hakulia. Alizima redio, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akatoka nje akaanza kupasua kuni ambazo zilikwisha kupasuliwa.

Miaka ya tisini vibanda vya video vilijaa Langas. Humo ndani kulikuwa na giza, moshi wa sigara na Wachina wakipigana mateke kuanzia saa nne asubuhi. Nilimwomba mwenye kibanda kimoja anitafutie kanda ya Franco. Akanitafutia, nikalipa, nikamwalika baba. Kanda ile ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Chenga zilijaa kioo kizima, na katikati ya chenga kilisimama kivuli kinene ambacho kingeweza kuwa Franco, au kabati. Baba alitazama kwa adabu mpaka mwisho. Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Angalau alikuwa mtu wa mwili." Siku hiyo nikajiapia kwamba nitamwonyesha baba Franco aliye wazi.

Kisha ikaja Januari ya mwaka wa 2008. Wewe msomaji unajua yaliyotupata katika mji huu baada ya uchaguzi, na hapa si mahali pa kuyarudia. Sisi tulikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo, tukalala huko pamoja na maelfu ya wenzetu. Unapokimbia unabeba watoto, godoro, sufuria, na vyeti kama unakumbuka mahali vilipo. Hakuna mtu anayebeba sanduku la santuri. Tuliporudi hapakuwa na sanduku, wala kitanda, wala paa. Baba alizunguka pale mahali akitumia fimbo kupekua majivu, nami nikajua anatafuta nini ingawa alisema anatafuta misumari ya kujengea. Aliokota kipande kimoja cheusi kilichojikunja kama jani kavu. Hakukitupa, akakitia mfukoni.

Sasa tuje kwenye filamu. Picha za tamasha la Kinshasa zina hadithi ndefu kama wimbo wa Franco mwenyewe. Tamasha lilifanyika tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974 katika uwanja wa mpira wa Kinshasa uliokuwa ukiitwa Stade du 20 Mai. Waliolipanga upande wa muziki walikuwa Hugh Masekela, yule mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na rafiki yake Stewart Levine. Mambo yaliharibika mapema. Siku chache kabla ya tamasha, Foreman alipasuliwa juu ya jicho akiwa mazoezini, ngumi zikaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba, na watalii waliotarajiwa kujaza uwanja hawakuja. Muziki haukuweza kuahirishwa kwa sababu wanamuziki walikwisha kufika. Usiku wa mwisho wananchi waliruhusiwa kuingia bure, ndipo uwanja ukafurika.

Mwelekezi Leon Gast na wapiga picha wake walinasa maili na maili za filamu. Baada ya hapo yakaja mabishano ya fedha na mambo ya mahakama, picha zikafungiwa kwa zaidi ya miaka 20. Zilipotoka mwaka wa 1996 katika filamu iitwayo When We Were Kings, ambayo ilipata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, karibu yote ilikuwa Ali na Foreman, na muziki ukawa kama chumvi ya kuonjesha. Mmoja wa wahariri wake, Jeffrey Levy-Hinte, aliona ni dhambi kuuacha muziki ule ulale stoo. Akarudi kuuchambua, na mwaka wa 2008 akatoa filamu nyingine, Soul Power, ya dakika 93, ya tamasha peke yake.

Mwaka wa 2012 rafiki yangu aliye Nairobi alinitumia diski yake kwa basi. Naam, miaka 38 baada ya baba kuhesabu nauli yake.

Niliandaa siku kama mtu anayeandaa harusi. Nilikopa televisheni kubwa kwa shemeji, nikakodi spika mbili. Wakaja mashabiki: baba, aliyevaa koti lake la kanisani, yule dereva wa malori, ambaye sasa alikuwa amestaafu, fundi mmoja wa redio mwenye kibanda karibu na Barabara ya Uganda, mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzake watatu, na mama, ambaye ameokoka, aliyesema yeye ameketi tu kwa sababu viti ni vyake. Chai ya maziwa ikapita, maandazi yakapita. Nikabonyeza.

Dakika za kwanza kila mtu alifurahi. Ali alikuwa akiongea kama kawaida yake, mafundi walikuwa wakijenga jukwaa, wanamuziki walikuwa wakipiga ngoma na kuimba ndani ya ndege wakiwa njiani kwenda Afrika. James Brown alipotokea na herufi nne, GFOS, zinazometameta kiunoni, wale wanafunzi waliruka kutoka kwenye mkeka. "Mjomba, huyu mzee ni moto!" mpwa wangu alipiga kelele. Bill Withers aliimba ameketi, gita mapajani, nyumba nzima ikanyamaza. Makeba alipoanza kudondosha ile mialiko ya ulimi ya Kixhosa, nilimtazama mama kwa pembe ya jicho. Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu. Aliponiona ninautazama ulisimama.

Baba alikuwa hajasema neno. Alikuwa akingoja.

Franco akatokea. Msomaji, sitakudanganya: moyo ulinipiga kana kwamba ni mimi ninayepanda jukwaani. Hakuna chenga, hakuna kivuli. Ni yeye, na bendi yake imemzunguka. Baba alisogea mpaka ukingoni mwa kiti. Muziki ukaanza kupanda kidogo kidogo, nasi tukaanza kupanda nao. Halafu picha ikaondoka. Tukawa tunaonyeshwa mambo mengine. Tulidhani atarudi. Tabu Ley naye tulimwona hivyo hivyo, kama mtu unayempungia mkono kutoka dirisha la matatu.

Filamu ilipomalizika na James Brown kuloa jasho, chumba kiligawanyika. Dereva ndiye aliyelipuka wa kwanza. "Huu ni ugeni gani?" akauliza. "Mtu anakuja nyumbani kwako, anakaa kwenye kiti chako, anakula kuku wako, halafu anapiga picha ya ukumbusho na wewe mwenye nyumba anakukata kichwa!" Mpwa wangu akamjibu kwa heshima, "Babu, lakini filamu ni ya Wamarekani. Walikuja kupiga picha safari yao." Dereva akasema hiyo ndiyo shida yenyewe. Fundi wa redio hakuwa na habari na ugomvi wao. Yeye alikuwa akistaajabia jinsi sauti ilivyo safi baada ya miaka yote ile, akataka kujua walitumia mikrofoni gani. Mwanafunzi mmoja, msichana, akasema kwamba yeye alikuja akidhani Lingala ni muziki wa wazee katika mabaa, na sasa ametamani kumsikia Franco zaidi, akauliza pa kuupata. Mwenzake akasema kwamba kwake yeye James Brown alitosha, na kwamba kama OK Jazz wangekuwa wakali kama yule bwana, mhariri asingewakata.

Ehe! Nyumba iliwaka moto. Nami mpaka leo nayakumbuka maneno ya kijana yule, kwa sababu hayakuwa ya ujinga. Nimeyatafakari sana. James Brown anakukamata shingoni sekunde ya kwanza. Popote utakapoweka mkasi, kipande kinabaki na damu. Rumba haiendi hivyo. Rumba inabisha hodi, inasalimia, inauliza hali ya watoto. Gita la kwanza linaweka mdundo, jingine linajibu katikati, la tatu linachora juu yao. Saksafoni na tarumbeta zinaingia kama wageni wenye adabu. Waimbaji wanamaliza kesi yao yote. Ndipo mlango wa sebene unafunguliwa. Wimbo wa OK Jazz waweza kuchukua dakika 8, au 10, au zaidi, na utamu wake umewekwa mwishoni kwa makusudi. Ukikata dakika mbili za mwanzo ukamwonyesha mgeni, umemwonyesha watu wanaosubiri. Mhariri aliona ni muziki uliopoa. Sisi tuliona umeketishwa mezani ukaondolewa kabla nyama haijaletwa. Kwa lugha ya nyumbani kwetu, aliona upande wa kwanza na hakujua kwamba sahani hugeuzwa.

Wala si sisi peke yetu tunaolalamika, nisije nikakufanya udhani kwamba ni chuki kwa Waafrika tu. Tamasha kubwa la roki la Woodstock, kule Marekani mwaka wa 1969, lilipata filamu yake mwaka wa 1970, ndefu ya zaidi ya saa tatu, na bado mashabiki wa Creedence Clearwater Revival waliingia sinema wakaitafuta bendi yao bila kuiona, hali kadhalika mashabiki wa Janis Joplin. Hao walipiga pale, wakakosekana katika filamu ya kwanza. Kila shabiki anaamini kwamba kamera ingepaswa kusimama pale macho yake yangesimama. Lakini Mmarekani aliyekosa bendi yake katika filamu ile alikuwa na nyingine za kutazama. Baba yangu alikuwa na hii moja.

Kuna jambo jingine lililonikera, na hili dereva alilisema kwa sauti ya chini wakati wengine wamekwenda kunawa mikono. Alisema alipokuwa anatazama umati ule unaocheza aliwakumbuka askari wa Mobutu waliokuwa wakimsimamisha barabarani na kumla fedha, kizuizi baada ya kizuizi. Tamasha na ngumi vilikuwa sherehe ya Mobutu kujionyesha kwa dunia. Ndiye aliyekuwa amewakataza raia wake majina ya Kikristo. Ndiyo maana Franco, aliyebatizwa François, akawa L'Okanga La Ndju Pene Luambo Makiadi. Na Franco hakuwa malaika. Aliimba sifa za Mobutu, kisha mwaka wa 1978 serikali hiyo hiyo ikamfunga jela kwa nyimbo zilizosemekana kuwa chafu. Je, mtu afurahie vipi karamu akijua nani anailipia? Dereva alisema yeye anafurahia gita na anamlaani Mobutu, vyote kwa wakati mmoja, na kwamba kifua chake kina nafasi ya kutosha. Sijapata jibu bora kuliko hilo.

Na baba? Wageni walipotulia alinyanyua mkono. "Rudisha," akasema. Nikarudisha pale Franco anapotokea. Picha ilipoondoka akasema tena, "Rudisha." Nadhani tulirudia mara saba au nane. Wanafunzi walianza kutazamana. Mara ya mwisho alisema, "Simamisha hapo." Nikasimamisha. Akainuka, akaenda mpaka karibu kabisa na kioo, kwa sababu macho yake si ya jana, akamtazama Franco kama mtu anayetazama kitambulisho.

"Huyu ni mtoto," akasema.

Hatukuelewa. Mama ndiye aliyeuliza, "Mtoto kivipi, Baba Watoto?"

"Huyu ni kijana. Ana miaka mingapi hapa?"

Nikapiga hesabu. Franco alizaliwa Julai 1938. Kinshasa ile alikuwa na miaka 36. Baba siku hiyo alikuwa na miaka 62. Maisha yake yote alimchukulia Franco kama mzee wake, mtu wa kumshauri juu ya ndoa, deni na marafiki wabaya. Hata mashabiki wake walimwita Mwalimu Mkuu. Sasa mzee huyo alikuwa amesimama mbele yake, mdogo kuliko mimi mwanawe nitakavyokuwa muda si mrefu. "Mimi nimemzidi," baba alisema. "Hata alipokufa, alikufa mdogo kuliko mimi nilivyo leo." Alirudi kitini, akavua koti. Sikujua kama nimempa zawadi au nimempokonya kitu. Stima ikapotea saa hiyo hiyo, kama kawaida ya mtaa wetu, watu wakaaga gizani.

Kwa wiki kadhaa hakuitaja filamu ile. Nilipomuuliza kama nimwekee tena alisema diski itachakaa. Mama alinong'ona kwamba usiku analala kimya, zamani alikuwa akiimba kwa puani kabla ya usingizi. Nilijilaumu. Nilifikiri: nimemtafutia mtu miaka ishirini sura ya rafiki yake, nikamletea, na sura ikaifukuza sauti.

Kisha mwaka wa 2017 ikatoka kazi nyingine. Stewart Levine na Hugh Masekela walizifungua kanda za sauti za tamasha lile ambazo zilikuwa zimelala zaidi ya miaka 40, wakatoa albamu ya diski mbili ya Waafrika peke yao. Humo mna Tabu Ley, Franco na OK Jazz, Makeba, Abeti Masikini na kaka yake Abumba, na Orchestre Stukas. James Brown hayumo. Ali hayumo. Masekela mwenyewe alifariki dunia Januari ya mwaka uliofuata, kwa hiyo naona aliondoka akiwa amelipa deni, ingawa kwa kuchelewa. Filamu haikuwa na nafasi. Sauti ilikuwepo muda wote, imehifadhiwa, hakuna aliyeiuliza.

Nilipoipata nilijifunza kutokana na kosa langu. Sikualika mtu. Sikukopa spika. Nilikwenda kwa baba Jumapili alasiri, mvua imeanza kunyesha juu ya mabati, nikaweka simu yangu na kispika kidogo juu ya meza, kando ya kikombe chake. Sikumwambia ni nini. Yeye alikuwa akimenya ndizi.

Makelele ya uwanja yakaanza, wale watu wa Kinshasa wa 1974. Baba akaacha kumenya. Magita yakaingia. Hapakuwa na kioo cha kumwonyesha nani ni kijana na nani ni mzee. Akafumba macho. Nyimbo haikukatwa. Waimbaji walisimulia kesi yao yote, pole pole, bila haraka ya mtu, na mvua ikawa inawapigia mdundo. Nilimtazama mkono. Kidole kilikuwa juu ya meza, kimetulia. Tukakaribia mahali pale, wewe unapajua, pale ambapo miaka ile sahani ingekuwa inakwisha na sindano inaanza kukwaruza.

Kidole kikainuka.

"Geuza," baba akasema, macho yamefumbwa.

Nikasimama kabla sijafikiri. Sebene ikaingia yenyewe. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba, mikono mitupu, mama akinichungulia kutoka jikoni na mwiko wake mkononi.